Upungufu wa damu utafutiwe chanzo kabla ya vidonge

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonisumbua kuhusu upungufu wa damu, ambao wengi huutibu kwa vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, bila kuuliza damu imepungua kwa nini. Ukosefu wa madini ya chuma ndio chanzo kikubwa, lakini malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu) na upungufu wa vitamini B12 nazo hushusha himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, na kila hali ina tiba yake. Mwenye selimundu, hasa aliyeongezewa damu mara nyingi, asipewe madini ya chuma kabla ya kupimwa, kwa kuwa yanaweza kurundikana mwilini na kumdhuru.

Hata pale vidonge hivyo vinapohitajika, wagonjwa wengi huviacha mara tu wanapopata nafuu, ilhali akiba ya madini ya chuma mwilini hujazwa kwa kuendelea navyo takriban miezi 3 baada ya himoglobini kurejea katika kiwango cha kawaida. Chai na kahawa zinywewe mbali na dawa hiyo, maana hupunguza ufyonzwaji wake. Nawasihi wahudumu wa afya wayaeleze haya kila wanapomkabidhi mgonjwa dawa.

Msomaji wako