Baba anaitwa kliniki, siku ya leba anafungiwa geti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kwa niaba ya wanaume tunaosubiri nje wake zetu wakiwa leba.

Mama anapoanza kliniki, baba anahimizwa aende naye hudhurio la kwanza. Nilienda. Tukapimwa wote wawili virusi vya Ukimwi na kaswende, tukafundishwa dalili za hatari: kutokwa damu, kuvimba uso na mikono, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kuacha kucheza. Muuguzi akanikabidhi mimi, si mke wangu, orodha ya vitu vya kuandaa. Kanga na beseni nilinunua Mbuyuni. Glovu, pamba, mpira wa kulalia na vibana vya kitovu nikachukua duka la dawa. Akanikumbusha pia kutafuta usafiri na ndugu wa kuchangia damu. Kusema kweli nilijiona mtu muhimu.

Uchungu ulipoanza tulikodi bajaji usiku kutoka Majengo. Mke wangu akaingia na kadi yake na begi, mimi nikafungiwa geti. Hospitali siitaji, kwa sababu wakunga wake walimzalisha mke wangu salama, na kwa ninayoyasikia kijiweni si hiyo peke yake.

Nje hapana benchi. Ulikuwa mwezi Julai, na anayeijua Moshi ya Julai anaijua ile baridi ya usiku. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho na mtori kwenye chupa ya chai, naye akazuiwa. Kwa malezi yetu, mtu na mkwewe hawakai wakigusana mabega. Usiku ule tulikaa juu ya ukingo mmoja wa bustani, yeye kajifunika koti langu, sote tumekaza macho upande wa mlima ambao gizani hata hauonekani.

Mlango ukifunguliwa wanaume wote wanasimama. "Ndugu wa fulani!" Ukisikia hivyo ujue kuna kitu cha kununua. Hakuna anayeitwa kuambiwa kwamba mkewe anaendelea vizuri. Kijana mmoja, ndiyo kwanza anapata mtoto, aliona machela inapita akaamini mkewe anapelekwa chumba cha upasuaji. Alilia mbele yetu. Aliyemtuliza ni mama wa usafi aliyetoka kumwaga maji, akamwambia yule wa kwenye machela ni mwingine kabisa.

Baadaye jirani yetu ambaye ni mkunga alinieleza mambo ambayo ningeyajua usiku ule ningepumua. Mzazi akishafunguka mlango wa kizazi sentimita 5, kama ni uzazi wa kwanza anaweza kuchukua hadi saa 12 kufikia sentimita 10, na aliyewahi kuzaa hadi saa 10, na hapo hakuna kilichoharibika. Muda wote huo wanampima njia kila baada ya saa 4, wanasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na vyote wanaviandika kwenye chati. Kwa hiyo habari zipo, zimeshaandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifikisha getini. Siombi daktari, wala siombi mkunga aache mzazi aje kuongea na mimi. Najua usiku wanakuwa wachache na vitanda vimejaa. Mhudumu yeyote mwenye majina mkononi, akitoka mara moja au mbili kwa zamu, anatosha.

Kuhusu kuingia ndani, Shirika la Afya Duniani limependekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwamba kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Sisi tunaambiwa haiwezekani kwa sababu vitanda vimepangana bila pazia. Hapo nawaelewa. Sitaki mwanamume mwingine apite mbele ya mke wangu akiwa katika hali ile. Lakini mama mkwe, mwanamke aliyezaa watoto wake wote nyumbani, anamwaibisha nani? Na pazia lenyewe ni kitambaa na bomba la chuma.

Mabenchi mimi siwezi kuyanyamazia, maana ni kazi yangu. Ni fundi seremala. Benchi la mkaratusi lenye egemeo, la watu 6, mimi na kijana wangu tunalimaliza kwa siku. Nimeongea na mafundi wenzangu wa Majengo na Pasua: tukipewa mbao, ufundi ni bure. Nilipokwenda kuulizia nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Sijajibiwa hadi leo, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Bati la kuzuia mvua za masika watafute wao.

Fundi seremala,
Majengo, Moshi