Kesho jioni tunaangalia setilaiti, msichelewe

Wadau habarini za jioni, nakumbusha kesho Jumamosi tunakutana palepale ufukweni Kigamboni saa 12 na nusu, setilaiti zinaonekana vizuri kuanzia kama saa 1 hadi saa 2 usiku, ukija saa 3 nyingi zitakuwa zimeshakupita jamani. Sababu ni kwamba tunachokiona sio taa yake, ni mwanga wa jua unaopiga mabawa na bodi yake, sisi huku chini giza limeshaingia ila yenyewe kule juu kilomita 400 na zaidi bado inapigwa jua. Ndo maana ikiingia kwenye kivuli cha dunia inafifia mpaka inapotea katikati ya anga, hakuna wingu hakuna nini, mimi hapo ndo napapenda kuliko pote.

Kwa wageni wa grupu, ikipepesa taa nyekundu na kijani hiyo ndege, setilaiti inateleza tu kimya. Inayong'aa kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinazunguka dunia kila dakika 90 hivi na humo ndani watu wanaishi mfululizo toka 2000. Mkiona msururu wa vinukta vimefuatana kama siafu msishtuke, hizo ni Starlink, setilaiti za intaneti, zilizorushwa karibuni.

Darubini haihitajiki, njooni na mikeka na watoto, ila simu punguzeni mwanga maana macho yanataka kama dakika 20 kuzoea giza. Mawingu yakizidi ntawaambia humu kabla ya saa 10.