Neno "quite" kabla ya kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kwa kuwa wengi wetu hapa Arusha tunaongoza wageni wa Uingereza na wa Marekani, naomba tulitazame kwa makini neno "quite". Mwingereza akisema chakula cha kambini kilikuwa "quite good", mara nyingi ana maana kwamba kilikuwa kizuri kiasi, na akikaza sauti kwenye "quite" sifa hupungua zaidi, ilhali Mmarekani akitamka maneno hayohayo kwa kawaida anasifu kwa dhati. Likitangulia kivumishi kisicho na viwango, yaani kinachotaja hali isiyoweza kuwa kidogo au zaidi, kama "quite impossible", maana yake ni "kabisa", kwa wote wawili. Tafadhali kila mmoja aje na sentensi aliyoisikia kwa mgeni, pamoja na nchi alikotoka.