Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kuzikana, Pangani

Wanachama wenzangu, kina baba na kina mama, Assalaam aleikum. Ndugu zetu wa kanisani, Bwana Yesu asifiwe.

Katibu ameshawasomea majina ya wenzetu 11 waliotutoka tangu mkutano mkuu uliopita, na tumewaombea kila mmoja kwa dini yake. Naongeza jambo moja tu: wote 11 tunajua walipolala. Nalitaja kwa kuwa taarifa yangu ya mwaka huu, ukiacha hesabu na vyombo, inahusu neno hilo hilo, kujua mtu alipolala.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme kwamba ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya imetosha kuzika, haikutosha kulisha. Kulisha nitakurudia. Vyombo tunavyo: turubai kubwa limeshonwa, viti viko kamili, masufuria mawili makubwa yalitoka msiba wa Ramadhani hayajarudi. Aliyenayo ayarudishe, hatutamuuliza kitu.

Jambo lililonikosesha usingizi mwanzoni mwa mwaka ni waosha maiti wa kike. Tulikuwa na bibi zetu watatu. Mmoja ni miongoni mwa wale 11, na wa pili mikono imeanza kutetemeka. Siku tuliyomzika huyo bibi, aliyewaosha mama zetu wengi humu, tulikaa na maiti yake mpaka saa tano tukingoja mwoshaji atoke kijiji cha pili, na sisi wanawake zaidi ya 30 tumejaa ndani, hakuna anayethubutu kuanza. Niliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyotutuma. Kuanzia wiki ya pili baada ya arubaini yake, mabinti na wake wadogo saba wamekuwa wakikaa na bibi aliyebaki mzima kila Jumatano baada ya alasiri. Wamejifunza maji ya majani ya mkunazi na maji ya mwisho ya kafuri, wamejifunza kumgeuza maiti bila kumfunua, kukata bafta ya sanda, vipande vitatu vya mwanamume na vitano vya mwanamke, na ukaya unavyokaa. Wamejifunza pia kunyamaza, maana alichokiona mwoshaji kinabaki kwenye chumba kile. Wanne kati yao wameshaosha. Mmoja alilia njia nzima kurudi nyumbani, na msiba uliofuata alifika wa kwanza. Naomba mkutano huu uwapigie makofi, hata kama hawakutaka niwataje.

Suala la jeneza na sanda limesemwa sana barazani, nami nataka lisemwe hapa. Wako wanaouliza kwa nini msiba wa Mkristo unakula fedha nyingi kuliko wa Mwislamu ilhali ada ni moja. Ni kweli, mbao, misumari na mkono wa seremala ni ghali kuliko bafta na viunza. Lakini hatukuanzisha chama ili kila maiti apate shilingi sawa. Tulikianzisha ili kila maiti azikwe kama watu wake wanavyozika. Waliolia bei ya jeneza wakumbuke nani alikuwa ndani ya kaburi lililotitia wakati wa mvua, akichota udongo mpaka magotini ili sisi tupate kumlaza mzee wetu mwanandani. Alikuwa kijana wa kanisani. Kamati imeamua utaratibu ubaki ulivyo, nami nausimamia.

Kuvuka mto kumetutoa jasho. Mwenzetu mmoja alifia Bweni, ng'ambo ya mto, usiku, pantoni imeshalala, na wanawe walitaka alfajiri azikwe upande wa mjini alikolala mama yake. Maji yalikuwa yanatoka, na mnaujua mkondo wa mlangoni pale maji yanapotoka. Vijana wetu walikuwa na busara, walikaa na maiti ufukweni mpaka maji yakaanza kujaa, ndipo wakamvusha kwa mashua, taa mbele, wawili wameshika tusi la maiti. Mwenye mashua alikataa malipo. Daraja la mita 525 likikamilika litatuondolea shida hiyo. Mpaka hapo tumeelewana na wenye mashua wawili, na namba zao ziko kwa katibu.

Sasa kulisha. Mtume alipofikiwa na habari ya kifo cha Jaafar bin Abi Talib alisema watu wa Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Mfiwa anapikiwa. Sisi tumeligeuza, mfiwa ndiye anayetupikia. Mwaka huu nimeona mjane anauza mbuzi wawili na mnazi wa ua kwa ajili ya pilau la siku ya tatu, na siku ya kumi nikamkuta anakopa unga. Amekaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki kutafuta, na sisi tuliokula pilau lake tulikuwa tunapita mlangoni tunamsalimia. Nilikula mimi pia. Kamati inaleta pendekezo: siku ya kwanza na ya pili majirani wapike kwa zamu kilichopo, wali na maharage ama ugali na samaki. Siku ya kuanua tanga, baada ya hitima, iwe kahawa na tende. Fedha ambayo chama kilikuwa kinatoa kwa pilau apewe mjane mkononi, kwa mafungu manne, mwezi kwa mwezi, mpaka eda yake iishe. Kwa wenzetu Wakristo mafungu ni hayo hayo. Wapo watakaosema tunavunja heshima ya marehemu. Mimi nadhani heshima ya marehemu ni watoto wake wasilale na njaa.

Vyeti vya kifo niviguse kwa ufupi, ingawa vimeumiza watu. Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri ameshazikwa, ndivyo inavyotakiwa, na haraka hiyo ndiyo inayotusahaulisha karatasi. Kifo kinapasa kusajiliwa ndani ya siku 30, na kazi hiyo ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwetu inafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kibali cha kuzika siyo cheti. Bila cheti Mahakama ya Mwanzo haiwezi kukusikiliza mirathi, na shamba la marehemu linabaki mikononi mwa aliyewahi. Kuanzia sasa katibu msaidizi atafuatana na wafiwa kabla ya siku ya saba. Asiongopewe mtu kwamba ni kazi ya baadaye.

Nimefika kwenye daftari la makaburi yetu.

Mama yangu alizikwa masika. Sisi wanawake hatufuati jeneza, tulibaki uani tukisikia sauti za wanaume zikipokezana La ilaha illa Llah mpaka zikapotea. Jioni kaka yangu akaniambia, "Tumemlaza nyuma ya mwembe, hatua kumi upande wa kibla." Nikaliweka neno lile moyoni kama hati ya nyumba. Miaka ikapita, kaka naye akafariki, na siku nilipokwenda na mpwa wangu kumzuru mama nilikuta mwembe umekatwa, hata kisiki kimechomwa. Kibao cha mbao kililiwa na mchwa zamani. Nilisoma Fatiha nimesimama katikati ya makaburi manane, silijui la mama yangu ni lipi. Mwenyezi Mungu analijua, na dua haipotei njia. Lakini mimi ni mtoto wake, na nilitaka kujua.

Nilipolisimulia jambo hili mbele ya kamati nilidhani nasimulia langu peke yangu. Wajumbe wawili walinyamaza, wa tatu akasema yeye pia hajui kaburi la baba yake. Hapo ndipo daftari lilipoanza.

Vijana watatu wamezunguka makaburi yetu pamoja na wachimbaji wa zamani, wazee ambao kila wanapoweka mguu wanakumbuka nani yuko chini. Wameandika jina, jina la baba, jina la mama, mwaka kama unajulikana, na jirani wa kulia na wa kushoto, maana mti hukatwa lakini jirani haondoki. Simu nazo zinaandika mahali penyewe kwa namba. Makaburi 140 yamepata majina. Yaliyokosa majina ni mengi kuliko hayo, na kila mwezi unaopita bila kuwauliza wazee idadi yake inaongezeka.

Nimeulizwa kama hili halina ubaya katika dini. Tumemuuliza sheikh wetu. Anasema kulijengea kaburi kwa fahari ni jambo jingine, lakini jiwe la kulitambua lina asili: Mtume mwenyewe aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili amjue nduguye alipo. Nasi tunataka hilo tu. Jiwe la matumbawe, halina gharama, mchwa hawaliwezi.

Wako waliosema mawe yenyewe yanatosha, daftari la nini. Kila anayepanda gari la Tanga anapita Tongoni. Pale yako makaburi zaidi ya 40, ya karne ya 14 na 15, mengine yalijengwa na nguzo zake, ya watu waliokuwa na mali na heshima pwani hii. Mwingereza Richard Burton alifika pale mwaka 1857 na kukuta kigae chenye maandishi ya Kifarsi. Mimi nilikwenda mwaka huu makusudi. Nguzo nyingi zimelala chini, na sikuona jina hata moja la kusomeka. Mawe yapo. Watu wamepotea. Na tongo, kama mjuavyo, ni mahali watu walipohama wakapaacha.

Hata hapa mjini kwetu. Wazee husimulia kwamba chini ya nguzo za Boma walifukiwa watumwa, wakiwa hai, ili jengo lisimame imara. Tumelisikia tangu utotoni, tunalisimulia kwa wageni, wanapiga picha wanaondoka. Mashamba ya miwa ya juu ya mto, karne ya 19, yalilimwa na watumwa, na watumwa hao walikufa na kuzikwa mahali fulani kwenye udongo huu tunaoulima. Hao daftari letu haliwezi kuwarudishia majina. Nimependekeza ukurasa mmoja uachwe mtupu kwa ajili yao, na hitima ya kila mwaka iwataje kwa jumla. Kamati ilikubali bila mjadala, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Ukurasa mwingine ni wa waliobaki baharini. Mnawajua, hakuna mtaa wa wavuvi usio na wake. Waliswaliwa swala ya ghaibu, wake zao wakakaa eda, lakini hawana kaburi la kuzuriwa, na mama zao bado wanatazama maji. Kwao tumeandika jina, chombo, na upande walioonekana mara ya mwisho. Mama mmoja alipoona jina la mwanawe limeandikwa aliomba aliguse kwa kidole. Tulimwachia daftari mkononi mpaka alipotosheka.

Nina hofu moja, na sitaificha. Bahari inakula. Sisi wa umri wangu tuliambiwa na wakubwa zetu habari za kisiwa cha Maziwe kikiwa na mivinje yake, na leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakitoka. Sitaki kusema makaburi yetu yatafuata njia hiyo. Nasema ardhi tuliyoidhani ya milele inahama, na kilichoandikwa kikawekwa nakala mahali pawili kinahama nasi. Kwa hiyo nakala ya pili itakaa msikitini, ya tatu kanisani.

Naomba mkutano upitishe haya: kila tukizika, kabla watu hawajatawanyika, mjumbe mmoja aandike pale pale kaburini, na jiwe liwekwe siku hiyo hiyo. Mfiwa wa kike asomewe kilichoandikwa jioni ile ile, nyumbani, na apewe kipande cha karatasi cha kuweka. Na Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, tutakwenda kusafisha upande wa zamani. Wenye majembe na mapanga waje nayo, wenye wazee wanaokumbuka wawalete, hata kwa bodaboda, chama kitalipa.

Daftari liko mezani kwa katibu. Mwenye kaburi analolijua aliseme leo kabla hajatoka. Mimi nimeshaandikisha. Ukurasa wa kwanza kuna jina la mama yangu, na mbele yake nimeandika: mmojawapo wa haya manane.