Kwa nini hatutafsiri “yeah” ya muuzaji kabla ya kuona swali lako

Kwetu sisi tunaotafsiri mazungumzo ya wanunuzi na wauzaji wa China, lawama ni ileile kila wiki. Mteja anafika na simu mkononi, WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, imefunguka, muuzaji wa Guangzhou au Yiwu kule China amejibu neno moja tu: “Yeah.” Mteja anataka maana yake pale pale. Sisi tunaomba tupandishe juu tusome mazungumzo tangu mwanzo, na hapo ndipo maneno yanapoanza: “Yeah si ndiyo? Hata mtoto wa shule anaijua. Mnatafuta hela tu.”

Ingekuwa ndiyo, tungekwambia bure.

Chukua mfano wa birika za umeme. Mnunuzi kaandika, “You don't have G plug?”, yaani hamna plagi ya aina ya G, ile inayoingia ukutani kwetu? Kajibiwa, “Yeah.” Yeye kasoma kwamba zipo, katuma advansi ya asilimia 30, kisha salio la 70 kabla mzigo haujapakiwa. Muuzaji alimaanisha: naam, hatuna. Birika 600 zinashuka Dar na plagi za Kichina, na kazi inayobaki ni kununua adapta 600 au kumlipa fundi akate waya 600. (Na ukiandika “three pin” badala ya herufi G unajiongezea balaa, kwa sababu plagi ya kule majumbani nayo ina pini tatu, ila ni bapa na mbili kati yake zimelala mshazari. Tundu la ukutani kwetu halizipokei.)

Muuzaji hakudanganya. Katika jambo hili Kichina na Kiswahili ni ndugu kabisa. Mtu akikuuliza, “Hujatuma?” na kweli hujatuma, unasema, “Ndiyo, sijatuma.” Unakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Mchina naye hujibu *duì, hái méi fā*, yaani sawa, bado sijatuma. Mwingereza hajali umeulizaje, anaangalia jambo lenyewe: halijafanyika, basi ni “no”. Akianza na “yeah” ujue limefanyika.

Utasema basi, kama sisi na wao tunafikiri sawa, tatizo liko wapi? Liko hapo katikati, kwenye Kiingereza tulichoazima wote wawili. Wanafunzi wa China hukaririshwa darasani kwamba mbele ya swali la kukanusha, “yes” ya Kiingereza hugeuka kuwa *bù*, yaani hapana. Wapo wauzaji walioishika kanuni hiyo. Wapo walioisahau siku walipomaliza mtihani. Na wapo, hawa ndio wengi, wanaoifuata asubuhi wakiwa na akili imetulia na kuiacha usiku wanapojibu wateja ishirini kwa mpigo. Kwa hiyo “yeah” hiyohiyo, kwa swali hilohilo, inaweza kuwa tunazo au hatuna, na aliyeiandika ndiye pekee anayejua.

Ndiyo maana tunapanda juu. Tunatafuta swali lingine la kukanusha ambalo muuzaji huyohuyo alishalijibu na majibu yake yakajulikana baadaye: mlimuuliza kama sampuli haijatoka, akasema “yeah”, na kesho yake akaleta namba ya kufuatilia ikiwa na tarehe. Tarehe hiyo inatuonyesha anajibu kwa kanuni ipi. Tukipata mawili au matatu ya namna hiyo tunaweza kusema jambo. Tusipopata, tunakwambia wazi kwamba neno hilo halina maana na tunaandika swali upya. Hii ndiyo kazi unayoilipia, kamusi hata wewe unayo kwenye simu.

Kuna “yeah” nyingine ambayo muuzaji hakuiandika kabisa. Yeye aliandika *en*, herufi moja ya Kichina, wewe ukabonyeza kutafsiri, mashine ikakuletea “yeah”. *En* kwenye ujumbe mara nyingi ni kama “enhe” yetu: nakusikia, endelea. Umeandika, “Price 4.2 dollars,” kajibu *en*, ukadhani bei imefungwa, kisha proforma, yaani ankara ya awali, inakuja na 4.8 na wewe unapiga kelele kwamba umegeukwa. Hakuna aliyekugeuka. Kabla hujachukua hatua yoyote rudi kwenye maandishi yake ya asili uone aliandika nini.

Kwa faida ya wanaotuuliza, hivi ndivyo tunavyolifundisha neno hili kwenye darasa letu la jioni la Wachina wa madukani. Kwanza tunaliweka mahali pake: “yes” ni ya barua na ofisini, “yeah” ya mazungumzo, “yep” ya haraka. Kwenye proforma haitakiwi hata moja, panatakiwa sentensi nzima. Pili, tunalitenganisha na *yē*, mlio wao wa shangwe wanaponyoosha vidole viwili mbele ya kamera, kwani wanafunzi wengi wanadhani ni neno moja, wakaitikia taarifa ya mzigo kuchelewa kwa sauti ya sherehe. Tatu ni mlio, na hapa hawapati shida, maana *en* yao nayo hubadilika kwa toni: ikishuka ni kukubali, ikipanda ni kuuliza. “Yeah” inafuata njia hiyohiyo. Ya kushuka ni nakubali, ya kupanda ni unasemaje, na ikivutwa ikafuatiwa na “right” mara nyingi ni kejeli, yaani thubutu! Kwenye maandishi toni hazionekani. Kinachobaki ni herufi nne zisizosema lolote.

Na si wao tu. Wateja wetu wanaponzwa na “Do you mind”. Muuzaji anauliza, “Do you mind if we change the colour?”, yaani utaona vibaya tukibadilisha rangi? Mtu anajibu “Yeah, yeah”, akikusudia haina shida. Kwa Kiingereza amesema ataona vibaya. Muuzaji mwangalifu atasimamisha uzalishaji akisubiri maelezo, na wewe utashangaa mbona wiki inapita. Jibu, “Blue is OK,” au, “Only red.” Taja rangi yenyewe.

Ukitaka kuandika mwenyewe bila kutulipa, hatukatai. Usiulize kwa kukanusha. Usiunganishe mambo mawili kwa “or”, maana “A or B?” nayo hujibiwa “yeah”. Ujumbe mmoja uwe na jambo moja, na uliza swali ambalo “yeah” haitoshi kulijibu: “Which plug: A / G / I? Reply one letter and send photo.” (A na I ni plagi za kule.) Akikujibu “yeah” hata hapo, mwandikie kwa Kichina *yǒu háishi méiyǒu*, zipo au hazipo. Lugha yao hujibu kwa kurudia kitenzi, kama sisi tunavyosema “nimetuma” badala ya “ndiyo”, kwa hiyo atakuletea *yǒu* au *méiyǒu* na mchezo umekwisha. Kisha hakikisha herufi G imeandikwa kwenye proforma, mstari wa bidhaa hiyohiyo. Ikiwa kwenye maongezi tu, siku ya ubishi haitakusaidia.

Bei yetu ni shilingi 15,000 kwa mazungumzo ya bidhaa moja, pamoja na kukuandikia maswali ya kurudisha. Wanaosema ni ghali kwa neno moja wapige hesabu ya adapta 600.

Ukija, njoo na simu yenyewe. Usilete picha ya skrini iliyokatwa, kwa sababu tunachokitafuta kiko juu ya pale ulipokata. Na njoo kabla ya kutuma ile asilimia 30. Ukishalipa zote, tunachoweza kukuandikia ni barua ya malalamiko kwa Kichina, na hiyo bei yake ni nyingine.