Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini, sitamwingilia. Mimi najibu swali lililonifuata mwaka mzima, hadi msibani: kwa nini kamati ilitoa fedha kusomesha maofisa wa meza, wale wanaoandika pointi na kushika saa, wakati wachezaji wetu wa kikapu hawana jezi?

Mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka ule kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tulishangilia hadi sauti zikakauka. Kesho yake ringi zetu zilikuwa zilezile, hazina nyavu. Mchezaji akifika mbali, amefika yeye. Ligi inataka watu wa aina nyingine, wa kuiendesha.

Mtazameni Amadou Gallo Fall wa Senegal. NBA hakuichezea, aliingia kwa mlango wa uani, akiisakia vipaji timu ya Dallas Mavericks. Huku akila mshahara wa Wamarekani, alianzisha kwao kituo cha SEED, vijana wasome na kucheza. Gorgui Dieng, aliyekuja kucheza NBA, alipita pale. NBA ilipofungua ofisi Johannesburg mwaka 2010, alikabidhiwa yeye. Mwaka 2019 akawa rais wa Ligi ya Kikapu Afrika, BAL. Msimu wa kwanza ulikuwa uanzie Dakar Machi 2020, korona ikaufunga kabla mpira haujarushwa. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa rais wa ligi iliyopo kwenye makaratasi tu. Mei 2021 timu 12 zikakutana Kigali, na Zamalek ya Misri wakabeba kombe. Wengi wanakumbuka kombe. Mimi navutiwa zaidi na ule mwaka ambao hakuna aliyecheza, na bado ligi haikufa.

Sasa turudi kwetu. Kwenye nusu fainali, saa yetu ya sekunde 24, muda wa timu kurusha mpira golini, ilikuwa simu ya kijana wa mezani. Robo ya nne mama yake akapiga. Saa ikapotea, watu wakasukumana, na karatasi ya matokeo ikakutwa na pointi zisizojumlika. Rufaa ilituchukua wiki tatu. Kosa lilikuwa langu, si la kijana: nilimkalisha pale bila kumfundisha.

Tangu kozi iishe hatujapokea rufaa hata moja. Jezi, nakiri, zimechakaa. Ile namba 7 sasa inasomeka 1, na mwamuzi ameshamwandikia faulo mtu asiyehusika. Kwa hiyo kamati inaomba ada ipande kidogo. Kiasi atakitaja mhazini, kisha mtapiga kura.