Kwa mdogo wangu: kabla hujamnyima mtoto yai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Arua. Nimesikia kwamba ukurutu (ugonjwa wa ngozi kuwasha na kukauka, eczema) wa mwanetu umechachamaa tena nyuma ya magoti na kwenye viwiko, na kwamba kwa ushauri wa majirani umemkataza mayai, maziwa, karanga na hata mukene (samaki wadogo kama dagaa), akabaki na matoke na chai ya rangi. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa wazazi wengi hapa Uganda wanafanya vivyo hivyo.

Sikatai kwamba chakula huweza kuuchochea ukurutu. Miongoni mwa watoto ambao hali yao ni ya wastani au kali, takriban mmoja kati ya watatu ana mzio wa chakula fulani, hasa mayai, maziwa ya ng'ombe, karanga, soya, ngano au samaki. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe hauanzii jikoni. Msingi wake ni ngozi dhaifu, mara nyingi ya kurithi, inayopoteza maji upesi na kuruhusu vichochezi kupenya. Nawe unajua jinsi pumu, ndugu wa ukurutu, ilivyotapakaa katika ukoo wetu. Sabuni kali, jasho au sweta ya sufu huweza kumwasha mtoto siku ileile aliyokula yai, na lawama zote zikaliangukia yai.

Angalia muda. Mzio wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2: mabaka yaliyovimba, midomo kufura, kutapika, na pumzi zikianza kubana, mkimbize hospitali bila kungoja. Ukurutu wenyewe, kinyume chake, unaweza kuamka saa 6 hadi 48 baada ya mlo, na hapo kumbukumbu peke yake haitoshi (rolex moja tu, yaani chapati iliyoviringishiwa yai, ina ngano na yai pamoja, utamshuku nani?). Kwa hiyo andika daftarini alichokula, alichopakwa na ngozi ilivyokuwa. Kipimo cha damu nacho kisikutishe, kwani huweza kuonyesha mzio wa chakula ambacho mtoto hukila bila tatizo lolote.

Daktari akikishuku chakula kimoja, ataagiza kiondolewe kwa wiki chache, kisha kirudishwe chini ya uangalizi wake. Kuviondoa vyote kwa pamoja na kwa muda mrefu kuna hatari mbili. Ya kwanza ni utapiamlo, na wodi ya Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago, Kampala, ipo kwa ajili ya watoto waliokosa lishe. Ya pili haijulikani sana: mwili uliozoea yai, ukinyimwa kwa muda mrefu, unaweza kulipokea kwa mzio mkali likirudi. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, walioanza kulishwa vyakula vya karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11, walipata mzio wa karanga kwa nadra zaidi kuliko walionyimwa. Lakini kwa kuwa umeshamnyima, na mwili unaweza kuvipokea kwa mzio mkali, usimrudishie vyakula hivyo kabla ya kuonana na daktari.

Kwa sasa mpake mafuta mazito ya vaselini mara tu baada ya kuoga, na utumie dawa ya kupaka uliyoandikiwa kama ulivyoelekezwa. Siku ya kliniki, beba daftari pamoja na makopo yote ya krimu, hata yale ya sokoni yasiyo na lebo, maana baadhi yake huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi inayohitaji usimamizi wa daktari).

Dada yako